Hesabu za Safari: Kutoka Rhodes Hadi Krete kwa Ndege

Kila mmoja awe na daftari, kalamu na rula. Asiye na daftari, karatasi moja itamtosha. Na ninyi mnaoyasoma maneno haya baada ya kipindi, someni kwa sauti. Mkifika penye hesabu, simameni kidogo, ifanyeni wenyewe kwanza, ndipo mtazame jawabu.

Leo tutauliza swali moja. Tukijua umbali wa kutoka mahali hata mahali, na tukijua mwendo wa ndege, je, tumekwisha kujua safari itachukua muda gani? Wengi watajibu: "Naam, gawanya tu." Lakini mwisho wa somo hili mtaona kwamba kugawanya ni mwanzo wa jawabu, si jawabu lenyewe. Na mtu asiyeijua tofauti hiyo aweza kupoteza nauli yake.

MANENO YA LEO

Umbali: urefu wa njia kutoka mahali hata mahali. Twaupima kwa kilometa au kwa maili.

Mwendo: umbali unaopitwa katika saa moja. Twasema, kwa mfano, kilometa 500 kwa saa.

Muda: saa na dakika zinazopita tangu kuondoka mpaka kufika.

Ratiba: karatasi inayoonyesha saa za kuondoka na saa za kufika.

1. NCHI YA VISIWA

Kwa somo hili twahitaji nchi ambayo watu wake huruka safari fupi juu ya bahari. Ugiriki yafaa sana. Nchi hii iko kusini-mashariki ya Ulaya, nayo ina visiwa vingi mno. Visiwa vinavyokaliwa na watu peke yake vyapita 100, na zaidi ya 20 kati yake vina viwanja vya ndege.

Tutatazama visiwa vinne. Cha kwanza ni Rhodes, ambacho katika Biblia ya Kiswahili huitwa Rodo. Kiko upande wa mashariki, karibu na pwani ya Uturuki. Uwanja wake wa ndege waitwa Diagoras, kwa jina la mpigana ngumi wa kale wa kisiwa hicho, aliyeshinda katika michezo ya Olimpiki zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Cha pili ni Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Mji wake mkubwa ni Heraklion, na uwanja wa ndege wa huko umepewa jina la Nikos Kazantzakis, mwandishi wa vitabu aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1883.

Kati ya Rhodes na Krete viko visiwa viwili vidogo vinavyokaa jirani, Karpathos na Kasos. Hivyo navyo vina viwanja vya ndege. Viwekeni akilini, maana tutavirudia.

2. TUPIME UMBALI

Mtu akitaka kujua umbali kati ya viwanja viwili, huchukua ramani na rula. Tuseme chini ya ramani pameandikwa kwamba sentimeta 1 ni kilometa 40. Unaweka rula kutoka uwanja wa Rhodes mpaka uwanja wa Heraklion, nawe unapata sentimeta 7 na milimeta 2, yaani 7.2. Sasa zidisha:

7.2 × 40 = 288

Basi umbali kwa mstari ulionyoka ni kama kilometa 288. Andikeni namba hiyo, tutaitumia mara nyingi.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Marubani na mabaharia hawapimi kwa kilometa. Wao hutumia maili ya bahari, ambayo ni meta 1,852. Kipimo hicho kilikubaliwa na mataifa mwaka 1929. Maili ya nchi kavu ni fupi zaidi. Yenyewe ni kama meta 1,609. Kwa hiyo kitabu cha rubani kitaandika kwamba kutoka Rhodes hadi Heraklion ni maili 155 na kidogo. Mtu akidhani hizo ni maili za nchi kavu, atahesabu kilometa 249 tu, na safari yake itapungukiwa na kilometa karibu 40. Tena hizo zote ziko juu ya bahari!

Msidhani kosa kama hilo ni la watoto wa shule. Mwaka 1983, katika nchi ya Kanada, ndege kubwa ya abiria iliishiwa mafuta ingali angani, kwa kuwa watu walipokuwa wakihesabu mafuta walichanganya ratili na kilo. Rubani alifaulu kuishusha bila mitambo katika uwanja wa zamani, na hakuna aliyekufa. Walakini funzo ni hili: namba bila jina la kipimo chake si namba kamili. Msiandike 155 peke yake. Andikeni 155 za nini.

3. MUDA WA DAFTARINI

Haya, tugawanye. Ndege zinazotumika sana kati ya visiwa hivi ni ndege za rafadha mbili, yaani zenye yale mapanga yanayozunguka mbele ya mitambo. Huchukua abiria kama 70 au chini ya hapo. Zikiisha kufika juu na kutulia, mwendo wake ni kama kilometa 500 kwa saa.

Saa moja ina dakika 60. Kwa hiyo twazidisha umbali kwa 60, kisha twagawanya kwa mwendo:

288 × 60 = 17,280

17,280 ÷ 500 = 34.56

Jawabu ni dakika 34 na nusu, na kidogo. Tuseme 35.

Sasa tuliza kalamu, utazame ratiba. Ratiba za safari hii kwa kawaida huonyesha muda wa dakika 50 hadi saa moja. Daftari lasema 35, ratiba yasema 55. Dakika 20 zimekwenda wapi? Je, mwenye ratiba hajui kugawanya?

4. DAKIKA ZISIZOONEKANA KATIKA RAMANI

Mwenye ratiba ajua sana. Yeye hahesabu muda wa kuruka tu. Huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea kutoka mahali iliposimama, mpaka inaposimama kabisa katika uwanja wa pili. Tuifuate basi tangu mlango unapofungwa.

Kwanza, ndege hutambaa juu ya magurudumu yake mpaka mwanzo wa njia ya kurukia. Huko husubiri zamu. Wakati wa kiangazi uwanja wa Rhodes hupokea ndege nyingi za watalii kutoka nchi za Ulaya, na ndege ndogo ya visiwani hupanga foleni pamoja na kubwa.

Pili, huruka kwa kuuelekea upepo, wala si kwa kuelekea safari yake. Sababu ni kwamba mabawa huibeba ndege kwa nguvu ya hewa inayopita juu yake na chini yake. Upepo ukitoka mbele, hewa hiyo huongezeka, na ndege hupaa kabla haijakimbia mbali. Kwa hiyo ndege yaweza kuanza kwa kuipa kisogo safari yake, kisha ikazunguka ndipo ishike njia.

Tatu, hupanda. Inapopanda haina mwendo wa kilometa 500 kwa saa. Ni kama gari lenye mzigo linalopanda mlima. Huenda polepole mpaka lifike juu. Tena haifuati mstari wa rula yetu hasa hasa. Hufuata njia za angani zilizowekwa, ili isikutane na nyingine.

Nne, hushuka, na hapo hupunguza mwendo mapema. Ikiwa ndege nyingine iko mbele yake, huagizwa izunguke au ingoje.

Tano, ikiisha kutua hutambaa tena mpaka mahali pa kushusha abiria.

Sasa tuandike hesabu ya safari moja ya mfano:

Kutambaa na kungoja Rhodes: dakika 8
Kupanda, kwenda na kushuka: dakika 42
Kutambaa Heraklion: dakika 5
Jumla: dakika 55

Mmeona? Hakuna dakika iliyopotea. Zote zilikuwa na kazi, ila ramani haikuzionyesha.

Mtu mwingine atasema: "Basi tuleteeni ndege ya jeti, yenye mwendo wa kilometa 800 kwa saa." Haya, hesabuni: 17,280 ÷ 800 ni dakika 21 na nusu, na kidogo. Katika daftari tumeokoa dakika 13. Lakini jeti nayo hutambaa, hungoja, hupanda na hushuka. Katika safari fupi namna hii haiwahi kuushika mwendo wake mkubwa kwa muda mrefu. Ikiisha kufika juu, ni saa ya kuteremka. Ni sawa na kumkimbiza farasi wa mashindano uani.

5. UPEPO NAO UNA HESABU YAKE

Katika bahari ya Ugiriki, miezi ya kiangazi, huvuma upepo kutoka upande wa kaskazini uitwao meltemi. Siku nyingine huwa mkali hata meli huzuiwa bandarini. Huko Rhodes na Karpathos hugeuka kidogo, ukatoka upande wa magharibi zaidi. Kwa hiyo ndege itokayo Rhodes kwenda Krete yaweza kuupata usoni, na ile inayorudi ikaupata mgongoni.

Tuseme upepo wa mbele ni kilometa 50 kwa saa. Mwendo wa ndege juu ya nchi huwa 500 kutoa 50, yaani 450:

17,280 ÷ 450 = 38.4

Wakati wa kurudi, upepo ule ule waisukuma. Mwendo huwa 500 na 50, yaani 550:

17,280 ÷ 550 = 31.4

Umbali ni ule ule na ndege ni ile ile, lakini kwenda na kurudi vimepishana dakika 7. Ndiyo maana mtunga ratiba huweka dakika chache za akiba. Siku ya upepo mzuri ndege hufika mapema, na abiria humsifu rubani. Siku ya upepo mbaya akiba ile huliwa, na ratiba husimama vile vile.

Rubani naye ana akiba yake, nayo ni mafuta. Sheria za kimataifa hazimruhusu kubeba mafuta ya safari tu. Lazima awe na mafuta ya kumfikisha uwanja mwingine ikiwa ule wa kwanza umefungwa, na juu ya hayo mafuta ya kuzunguka angani dakika 30. Mtu anayevuka bahari hapigi hesabu ya kufika tu. Hupiga na hesabu ya kukataliwa mlango.

6. SAFARI YA DAKIKA KUMI

Sasa turudi kwa Karpathos na Kasos. Viwanja vyao viko mbali kwa kilometa kama 21 tu. Kwa mwendo ule ule wa kilometa 500:

21 × 60 = 1,260

1,260 ÷ 500 = 2.52

Dakika mbili na nusu! Lakini ndege yenyewe hukaa angani kama dakika 5, kwa kuwa haiwahi hata kufikia mwendo wa 500. Na ratiba za safari hii zimepata kuandika dakika 10. Hii ni moja katika safari fupi kabisa za ndege za ratiba duniani.

Angalieni tofauti. Kutoka Rhodes hadi Heraklion, daftari lilitupa dakika 35 katika 55, yaani zaidi ya nusu. Hapa limetupa dakika 2 na nusu katika 10, yaani robo tu. Basi andikeni sheria hii kwa herufi kubwa: SAFARI IKIWA FUPI, DAKIKA ZA KUANZA NA KUMALIZA NDIZO SAFARI. Ikiwa ndefu, kama ya saa kumi, dakika hizo ni kama chumvi ndani ya chungu. Zimo, lakini huzioni.

Mtauliza: kwa nini basi watu waruke kilometa 21? Meli ipo, na huvuka kwa muda kama wa saa moja na nusu. Sababu ni kwamba ndege haiendi kwa ajili ya hatua hiyo moja. Safari hizi hupangwa kama za basi: Rhodes, Karpathos, Kasos, kisha Sitia huko Krete. Kasos kina watu wapatao elfu moja, na kisiwa cha watu elfu moja hakiwezi kuwa na kila daktari wala kila ofisi. Mtu wa Kasos anayetaka kufika Rhodes kwa tabibu, bahari ikichafuka na meli zikizuiwa, hutazama juu. Abiria wachache hawawezi kulipia ndege, kwa hiyo serikali ya Ugiriki huzilipa kampuni za ndege ili zisiziache njia kama hizi. Hata hivyo, upepo unaoizuia meli waweza kuizuia na ndege, maana uwanja wa Kasos ni mfupi, kama kilometa moja tu. Kwa hiyo wenyeji hawaulizi kwanza "Ni mbali gani?" Huuliza "Leo upepo ukoje?"

7. KUSOMA RATIBA BILA KUKOSEA

Ratiba za ndege huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kutoka 00.00 hadi 23.59. Sisi katika Kiswahili twaanza kuhesabu jua linapochomoza. Ikiandikwa 09.00, hiyo ni saa tatu asubuhi. Ikizidi 12, toa kwanza 12, kisha tazama saa yetu. Kwa mfano 14.25: 14 kutoa 12 ni 2, na saa 2 ya Kizungu mchana ni saa nane yetu. Kwa hiyo 14.25 ni saa nane na dakika 25 mchana.

Ndege ikiondoka Rhodes 14.25 na kufika Heraklion 15.20, muda ni dakika 55. Twaweza kutoa moja kwa moja kwa sababu Ugiriki yote ina saa moja. Kati ya nchi na nchi mjihadhari, maana ratiba huandika saa ya mahali penyewe.

Sasa mfano wa mwisho. Msafiri mmoja yuko Karpathos. Anataka kwenda Rhodes, na huko apande ndege nyingine ya 10.45. Umbali ni kilometa kama 138. Ndege yake yaondoka 10.00. Anagawanya: 138 × 60 ÷ 500, anapata dakika 16 na nusu. Anasema, "Nitafika 10.17, nina karibu nusu saa." Anakata tiketi zote mbili. Walakini ratiba yasema muda ni dakika 40. Atafika 10.40, na mlango wa ndege ya pili umekwisha kufungwa. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Swali lake ndilo lilikuwa na kosa. Aliuliza ndege yaenda kwa mwendo gani. Yafaa angaliuliza nitashuka saa ngapi.

MASWALI

1. Kutoka uwanja wa Rhodes hadi uwanja wa kisiwa kidogo cha Kastellorizo ni kilometa kama 137. Kwa mwendo wa kilometa 400 kwa saa, daftari latoa dakika ngapi?

2. Ndege yaondoka Rhodes 16.50 na kufika Kastellorizo 17.30. Sema saa hizo kwa Kiswahili. Muda ni dakika ngapi?

3. Dakika ngapi hazikuonekana katika ramani? Taja kazi tatu za dakika hizo.

4. Rafiki yako amekuandikia: "Umbali ni 74." Utamuuliza nini?

MAJIBU

1. 137 × 60 = 8,220. Tena 8,220 ÷ 400 = 20.55, yaani dakika 20 na nusu.

2. Saa kumi na dakika 50, na saa kumi na moja na nusu. Muda ni dakika 40.

3. 40 kutoa 20 na nusu ni dakika 19 na nusu. Kazi zake: kutambaa, kungoja zamu, kupanda polepole, kuzunguka, kushuka. Zozote tatu ni sawa.

4. Muulize: "74 za nini? Kilometa, maili za nchi kavu, au maili za bahari?"

Waliokosea swali la tatu warudi sehemu ya nne, waisome tena pole pole pamoja na jirani. Na kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja achague safari moja anayoijua mwenyewe, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Aandike umbali wake, agawanye kwa mwendo, kisha aandike na muda anaoutumia kweli. Zile dakika zilizozidi, atafute kila moja ilikwenda wapi.

Kwaherini, na masomo mema.